Furukombe Ndani ya Mahari

“Simamisha hapo.”

“Wapi?”

“Hapo hapo, Wani. Rudisha kidogo. Kidogo tena. Basi.”

Picha ikaganda kwenye kompyuta. Kijana mrefu, amejipaka majivu mwili mzima, ameinua mikono juu kama pembe, anamwimbia maksai wake. Lakini Nyanwut hakuwa anamtazama kijana. Alikuwa ameishika simu yake pembeni ya skrini, anatazama simu, anatazama skrini, kisha simu tena.

“Una nini wewe?” Wani aliuliza. “Filamu hii inatakiwa kesho asubuhi.”

“Tazama huyu.” Alimsogezea simu. “Halafu tazama huyu.”

Kwenye simu kulikuwa na video aliyotumiwa na mdogo wake. Ng’ombe wa mahari yake walikuwa wanaingia zizini kwa baba yake, wanawake wakipiga vigelegele, vumbi limetanda.

“Huku naona ng’ombe,” alisema Wani. “Na huku naona ng’ombe.”

“Ni mmoja.”

“Nyanwut, dada yangu, mimi ni Mbari, si mtu wa kabila lako. Kwangu ng’ombe wote wana miguu minne na supu nzuri.”

“Kichwa cheupe, mwili mweusi. Pembe ya kulia imekunjwa mbele juu ya macho, ya kushoto imerudi nyuma. Chini ya jicho pana doa kama chozi. Pembe haikui hivyo yenyewe, Wani. Mtu alikaa akaichonga ikiwa changa. Na mtu mwenyewe ndiye huyu hapa anayeimba.”

Utani ukamtoka Wani usoni. Yeye ndiye aliyeshika kamera siku ile. Kijana aliitwa Koor. Muda mfupi baada ya wao kumpiga picha, kambi yake ya ng’ombe ilivamiwa, Koor akapigwa risasi akiwa ameshika kamba ya maksai wake, na ng’ombe wakaswagwa wasionekane tena.

“Makuei,” Wani alisema polepole. “Alimwita Makuei, jina la furukombe, yule tai wa mtoni, kwa sababu ya kichwa cheupe.”

“Sasa yuko kwenye zizi la baba yangu.”

“Ndani ya mahari yako.”

“Ndani ya mahari yangu.”

Nyanwut alikuwa mtayarishaji wa video wa Misheni ya kulinda amani pale Rumbek. Kazi yake ilikuwa kupiga picha watu waliomwagana damu wakiwa wamekaa pamoja, na kuwaonyesha watu hao wenyewe kwamba inawezekana. Filamu aliyokuwa anaihariri ilikuwa ya mkutano wa kesho, kati ya ukoo wa Koor na ukoo wa ng’ambo ya barabara uliotuhumiwa kwa uvamizi ule. Ukoo wa Nyanwut haukuwa na ugomvi na upande wowote. Ndiyo maana mkutano ulifanyika kwao.

Na mchumba wake, Dhieu, alikuwa wa ng’ambo ya barabara.

Alimpigia simu.

“Umewaona?” Dhieu alikuwa na furaha mpaka inasikika. “Baba yako amesemaje?”

“Dhieu, yule mwenye kichwa cheupe mlimtoa wapi?”

Upande wa pili fahali alinguruma.

“Dhieu.”

“Baba mdogo ndiye aliyekusanya.”

“Sikuuliza nani. Nimeuliza wapi.”

“Nyan, niko kazini. Nina sindano mkononi na fahali mbele yangu. Tutaongea.”

Akakata. Dhieu alikuwa mchanjaji wa mifugo, anaingia kambi zote, za marafiki na za maadui, na hakuna aliyemgusa kwa sababu kila mtu anataka ng’ombe wake wapone. Baada ya dakika chache simu ililia, ujumbe ukaingia:

“Usimuulize mtu yeyote habari za maksai yule. Nakuomba. Kama unanipenda nyamaza mpaka tuonane.”

Wani aliusoma akiwa nyuma ya bega lake.

“Mtu asiye na lake haandiki hivyo.”

“Nyamaza.”

“Nimenyamaza.”

Mlango wa kontena lililokuwa ofisi yao ukafunguliwa. Bosi wao, Litiana, Mfiji mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, akaingiza kichwa.

“Filamu yangu iko wapi?”

“Inakuja,” alijibu Nyanwut.

“Yule kijana anayemwimbia ng’ombe yumo?”

“Yumo. Ila mama yake hajatoa ruhusa.” Hiyo ilikuwa sheria yao. Picha ya marehemu haionyeshwi mpaka mtu wake wa karibu akubali kwa mdomo wake, mbele ya kamera.

“Nendeni mkaipate. Bila wimbo ule, hii ni filamu ya wazee wanaokunywa soda.”

Nyanwut hakusimama. “Litiana, tukiona kitu kwenye picha zetu. Kitu kinachohusu mauaji.”

“Unaniletea siku hiyo hiyo, nami nawapa wachunguzi. Unalijua hilo.” Kicheko kilikuwa kimeondoka. “Umeona kitu?”

Wani alikohoa bila kikohozi.

“Nikirudi kutoka kwa mama Koor nitakwambia.”

“Nyanwut.”

“Nikirudi.”

*

Mama Koor alikuwa anatwanga mtama. Hakuacha kutwanga mpaka walipokwisha kueleza shida yao. Ndipo akafuta mikono, akawapa vigoda, akakaa chini mbele ya simu ya Nyanwut kama mtu anayekaa mbele ya moto.

Koor akaimba.

“Rudia,” alisema mama.

Nyanwut akarudia.

“Alikuwa na sauti mbaya sana,” alisema mama. “Nilimwambia, mwanangu, ng’ombe huyu anakuvumilia tu.” Akaigusa skrini kwa kidole. “Onyesheni. Nimekubali. Waone waliyemuua alikuwa nani.”

“Asante, mama.”

“Mimi simtafuti aliyefyatua risasi. Huyo ana siku yake. Mimi namtafuta Makuei. Mwanangu amekufa hajaoa, hana mtoto. Mdogo wake atamwolea mke kwa Makuei, watoto wataitwa wa Koor. Bila ng’ombe yule, jina la mwanangu linakufa mara ya pili.”

Nyanwut alijua hayo yote, amekua nayo. Lakini swali lilimtoka kabla hajalizuia.

“Na kama kuna mtu ameshamtolea mahari mahali?”

Wani akashusha kamera.

Mama Koor alimtazama machoni. “Mke ni wa mwenye ng’ombe. Kama kuna binti ametolewa mahari ya ng’ombe wa mwanangu, basi huyo binti ni mke wa mwanangu. Nitakwenda kumchukua kwa mkono wangu, hata nimkute amelala kwa mume wake.” Akaushika mchi. “Wewe umeolewa, binti?”

“Bado, mama.”

“Usichelewe. Una macho ya kupewa watoto wayarithi.”

Gari lilikwenda mpaka mji ukaanza kuonekana.

“Kwa hiyo,” alisema Wani, “wewe ni mjane wa mtu ambaye hukuwahi…”

“Usiseme.”

“Sisemi.”

*

Dhieu alikuwa anamngoja sokoni, kibandani kwa muuza chai, karkade, ile chai nyekundu ya maua, imepoa mbele yake. Alikuwa bado na buti za kazi na harufu ya dawa za mifugo. Alisimama alipomwona. Nyanwut hakumpa mkono.

“Kaa,” alisema.

Akakaa.

“Ulimjua?”

“Nyan, nisikilize kwanza…”

“Nimeuliza neno moja. Ulimjua yule maksai, au hukumjua?”

Dhieu aliizungusha bilauri yake. “Nilimjua. Nilimchanja mwenyewe. Koor alimshika pembe, akawa anamwimbia asiogope sindano.”

“Halafu?”

“Halafu akanipa maziwa.”

“Ulimchanjia ng’ombe wake, ukanywa maziwa yake, akafa, ukaja kuoa kwa ng’ombe wake.”

“Sikumuua mimi.”

“Hakuna aliyesema umemuua. Nasema ulinyamaza.”

“Baba mdogo Chut alimnunua kwa watu wa bunduki, huko mbali. Mimi nilimkuta ameshafungwa pamoja na wengine. Nikamwambia, huyu namjua. Akaniambia, basi msahau.” Dhieu aliinamisha uso. “Unajua mwenyewe yule meja wa Juba alikuwa ameshatuma watu kwenu kukuposa. Baba yako alikuwa anapita katikati ya ng’ombe wetu anatikisa kichwa. Huyu hapana, huyu hapana. Alipofika kwa Makuei akacheka. Akamshika pembe akacheka, Nyan. Pale ndipo nilipokupata. Ningemtoa Makuei, leo ungekuwa mke wa meja.”

“Kwa hiyo ulinipata kwa wizi.”

“Nilikupata kwa woga. Niliogopa kukukosa.”

Maneno hayo yangesemwa siku nyingine yangemlainisha. Siku hiyo yalimkera.

“Kesho filamu inaonyeshwa,” alisema. “Baba yangu atakaa mbele. Chut atakaa mbele. Mama yake Koor atakaa mbele. Makuei ataonekana ukuta mzima.”

Dhieu aliinua uso haraka. “Kikate.”

“Nikate nini?”

“Hicho kipande. Wewe ndiye mtayarishaji. Ni kubonyeza tu. Nani atajua?”

Mwanamke wa chai alijifanya anachochea makaa.

“Kila siku nakata,” alisema Nyanwut. “Nakata mzee anayekohoa. Nakata mbuzi anayepita nyuma ya chifu. Kukata ndiyo kazi yangu. Lakini simkati maiti ili mimi niolewe.”

“Wakimwona wataniua.”

“Basi usingoje wamwone. Nenda kamtoe zizini, mpeleke mwenyewe, kwa mkono wako.”

“Nikimpeleka, wataniuliza nilimtoa wapi. Nikisema, baba mdogo anakwenda jela. Nisiposema, vijana wa Koor wananimaliza. Hawaulizi maswali mawili wale.”

“Wakiuliza moja, lijibu.”

Alivua shanga za bluu alizokuwa amevalishwa siku ile wazazi walipokubaliana. Akaziweka kando ya bilauri.

“Kesho ukija na Makuei, utanivisha mwenyewe. Usipokuja, mvishe baba yako mdogo. Zitampendeza.”

Akaondoka. Dhieu aliita jina lake mara moja tu, kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angepiga kelele ingekuwa rahisi.

*

Litiana alisikiliza kila kitu bila kumkatisha. Alitazama simu, akatazama kompyuta.

“Kwa hiyo wewe ni shahidi,” alisema mwishoni.

“Mimi ni mahari.”

“Vyote viwili. Ulipaswa kuniambia asubuhi.”

“Najua.”

“Utapata onyo kwa hilo. Na wachunguzi watapata nakala leo.” Alikaa kwenye meza, meza ikalalamika. “Filamu tunaweza kuiahirisha.”

“Mama yake ameruhusu ionyeshwe. Tukiificha, baba yangu atafuga ng’ombe wa marehemu bila kujua, na siku mtu akimtambua barabarani, hakutakuwa na ukumbi wala wazee. Kutakuwa na bunduki.”

Litiana alifikiri. “Kila mkuki na kila fimbo vibaki nje. Wanajeshi wetu Wanepali wakae mlangoni.” Kisha akasema kwa sauti nyingine, “Kwetu Fiji, mtu akikosea hivyo, anabeba jino la nyangumi, anakwenda kwa aliyemkosea, anakaa chini mlangoni. Anaweza kupokelewa. Anaweza kupigwa. Lakini hatumi mtu. Huyo mchumba wako ni mtu wa kukaa chini mlangoni?”

“Sijui,” alisema Nyanwut, na hapo ndipo alipolia.

*

Kesho yake madirisha ya ukumbi wa mkutano yalizibwa kwa maturubai ya bluu ili picha ionekane. Joto lilikuwa la kuoka mkate. Baba yake, mzee Majak, alikaa mstari wa mbele, amevaa suti, amependeza. Pembeni yake alikaa Chut, baba mdogo wa Dhieu, mnene, mchangamfu, anamnong’oneza mkwe wake mtarajiwa mambo ya kuchekesha. Ng’ambo ya pili alikaa mama Koor, mikono magotini. Kiti cha Dhieu kilikuwa kitupu.

“Hajaja,” Wani alinong’ona kando ya projekta.

“Nina macho.”

“Naanzisha?”

Nyanwut alitazama mlango. Wanepali wawili wenye kofia za bluu, na mwanga wa jua katikati yao. Basi.

“Anzisha.”

Wazee wakaonekana wakiongea. Watoto shuleni. Watu wakacheka walipojiona. Kisha Koor akatokea ukuta mzima, mikono juu, na sauti yake mbaya ikajaa ukumbini:

“Makuei, wewe mtazama maji,
usinitazame kama mgeni,
mimi ndiye niliyekukunja pembe.”

Maksai akageuza kichwa. Cheupe. Chozi chini ya jicho.

Mzee Majak aliacha kucheka. Aliinama mbele. Kisha akasimama, akatembea mpaka ukutani, kivuli chake kikaifunika nusu ya picha, akaiwekea mkono pembe ile ya kulia pale ukutani, kama alivyoishika zizini.

“Chut,” alisema bila kugeuka. “Huyu ni nani?”

“Ni picha tu, mkwe wangu. Kaa.”

“Nimekuuliza huyu ni nani.”

“Ng’ombe wanafanana, mkwe.”

Ukumbi mzima ukamgeukia Chut. Hata waliokuwa wanajipepea waliacha. Majak aligeuka, mwanga wa projekta ukampiga usoni.

“Wewe unaniambia mimi kwamba ng’ombe wanafanana?”

Chut alishika ukingo wa kiti. Alikuwa ameshajua amesema nini.

“Yuko wapi?” Sauti ilitoka ng’ambo ya pili. Mama Koor alikuwa amesimama. “Makuei wangu yuko wapi?”

“Yuko kwangu, mama,” alisema Majak, na ilimgharimu. “Sikujua. Aliletwa kwa ajili ya binti yangu.”

“Binti gani?”

Nyanwut angeweza kubaki gizani nyuma ya projekta. Alitoka.

“Mimi, mama.”

Mama Koor alikuja polepole. Watu walimpisha. Alisimama mbele yake, akamtazama macho yale aliyoyasifu jana.

“Ulikaa kwenye kigoda changu. Ukaniuliza swali.”

“Ndiyo.”

“Ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

Mama Koor akamshika kifundo cha mkono. Mkono wa mtu anayetwanga kila siku hauponyoki.

“Basi twende nyumbani,” alisema. “Wewe ni mke wa mwanangu.”

Vijana wa pande zote waliinuka pamoja. Viti vikaanguka. Majak alisema hapana, mtu mwingine akasema ndiyo, ni haki yake, Chut akaanza kusogea kuelekea mlangoni. Wanepali wakauziba mlango. Litiana alipanda kwenye kiti anaomba watu wakae, na hakuna aliyemsikia.

Ndipo kengele ikasikika nje, kengele ya shingoni mwa ng’ombe. Ilikuja taratibu, pamoja na kelele za watu na mawe yanayodunda.

Wanepali walitazamana, wakapisha.

Dhieu alisimama kizingitini. Jiwe la mtu aliyemtambua Makuei njiani lilikuwa limempasua paji la uso na damu imeingia jichoni, lakini hakuifuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika kamba. Nyuma yake alisimama Makuei, mwili mweusi kwenye jua, kichwa cheupe kimeingia kivulini.

Baadaye Nyanwut aliambiwa na mama yake jinsi ilivyokuwa. Dhieu alifika nyumbani kwao mapema, akasimama nyuma ya uzio, kwa kuwa mkwe haonani uso kwa uso na mama mkwe. Mama naye akampa mgongo. Dhieu akasema kupitia kwenye miti, “Mama, nimekuja kuchukua ng’ombe ambaye si wangu.” Mama akamjibu bila kugeuka, “Na binti yangu?” Akasema, “Naye si wangu bado.” Mama akasema, “Lango halijafungwa.”

Sasa alikuwa hapa. Alikaa chini, pale pale kizingitini, kamba mapajani. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari za Fiji.

“Maksai huyu ni wa Koor,” alisema. “Baba yangu mdogo alimnunua kwa watu waliovamia kambi. Alijua. Mimi nilimtambua, nikanyamaza. Nilimleta kwa baba yake Nyanwut nikiwa najua.”

“Mtoto mpumbavu,” alisema Chut.

“Ndiyo, baba mdogo.”

Mama Koor hakumwachia Nyanwut. Alikwenda naye mpaka kizingitini, kama mtu na mzigo wake. Makuei alinusa kiganja chake cha mkono wa pili. Filamu ilikuwa bado inaendelea nyuma yao, hakuna aliyekumbuka kuizima, na wimbo wa Koor ulifika kwenye ubeti wa mwisho. Maksai akasimamisha masikio. Akaingiza kichwa ndani, akaitafuta sauti ile gizani, akalia, mlio mrefu kama wa mtu anayeita mtu aliye ng’ambo ya maji.

Kijana mmoja aliyekuwa ameshika mguu wa kiti kilichovunjika aliuweka chini.

Mama Koor aliegemeza paji lake kwenye paji jeupe la Makuei. Alipoinuka alimtazama Dhieu pale chini.

“Uliogopa nini?”

“Kumkosa huyu.”

“Na sasa?”

“Bado naogopa.”

“Lakini umekuja.”

“Nimekuja.”

Alitazama mkono wa Nyanwut ndani ya mkono wake kama anapima kitu.

“Mwanangu angemtaka huyu,” alisema. “Angeimba mpaka majirani wahame.” Watu wachache walicheka bila kutaka. “Lakini Koor hakuwahi kuchukua kitu cha mtu. Sitaanza mimi kumchukulia leo.” Akafungua vidole. “Mnisikie wote. Makuei amehesabiwa kwa ajili ya binti huyu, hilo halifutiki. Siku akizaa mtoto wa kiume wa kwanza, kwa mwanamume yeyote yule, ataitwa Koor. Ataletwa kwangu, ajifunze wimbo huu.”

“Ataletwa, mama,” alisema Nyanwut.

“Na asiwe na sauti nzuri. Nitajua si wake.”

Dhieu aliingiza mkono mfukoni, akatoa shanga za bluu. Kabla hajasimama, mzee Majak alikuwa ameshafika.

“Rudisha mfukoni,” alisema. “Leo hapa hakuna harusi. Ng’ombe wote waliokuja na Chut wanatoka zizini kwangu, wanakaguliwa mmoja mmoja mbele ya wazee wa pande zote. Na wewe, kama unamtaka binti yangu, uje na ng’ombe ambao unaweza kunitajia mama zao.”

“Ndiyo, baba.”

“Usiniite baba.”

“Ndiyo, mzee.”

Wachunguzi walimchukua Chut siku hiyo hiyo. Kwake wakapatikana ng’ombe wengine wa kambi ya Koor, na majina ya watu wa bunduki akayataja mwenyewe, kwa urahisi kuliko alivyoutaja ukweli kwa mkwe wake.

Nje, Dhieu alimngoja Nyanwut kando ya gari. Wani alikuwa anamfunga kitambaa kichwani, vibaya.

“Nimekuja na Makuei,” alisema Dhieu.

“Nilimwona.”

“Ulisema nikija naye nitakuvisha.”

“Na wewe ulisema nikikate kile kipande.” Alimfungua kitambaa, akakifunga upya, vizuri. “Sijakusamehe, Dhieu. Nilifurahi tu kukuona mlangoni. Ni vitu viwili.”

“Nitangoja hicho kingine.”

“Ngoja.”

*

Alingoja kweli. Ndugu zake wa karibu walimtenga kwa sababu ya Chut, ikabidi atafute ng’ombe kwa kazi ya mikono yake. Ujumbe wa kwanza ulimkuta Nyanwut yuko kwenye kontena anahariri:

“Nimepata mtamba. Mwekundu. Mama yake ni Ayen wa mzee Thokgor, bibi yake aliletwa kutoka mtoni kabla ya mafuriko.”

Nyanwut alisoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akajibu:

“Na baba yake?”

“Fahali wa jirani. Ana hasira. Nimemchanja mara mbili, ana alama yangu na mimi nina yake.”

Jumbe zikawa zinakuja hivyo, msimu hadi msimu. Ndama wa nani, maziwa ya nani, jicho la nani. Wani alisema hajawahi kuona barua za mapenzi zenye kwato. Meja wa Juba alituma watu tena, na safari hii Nyanwut mwenyewe alimwambia baba yake, “Mwambie nina ng’ombe nawangojea. Nawajua mpaka bibi zao.” Mzee Majak alijifanya amekasirika.

Siku ng’ombe wale walipoingia zizini, walikuwa wachache. Majak alipita katikati yao bila haraka. Kwa kila mmoja alisimama, na Dhieu akataja mama yake, na mama wa mama yake, na mahali alipozaliwa. Hakukosea hata mmoja. Alipofika kwa wa mwisho, mzee hakucheka. Alimwekea kijana mkono begani, akauacha hapo.

“Sasa niite baba,” alisema.

Mama Koor alikuja harusini na Makuei, amemfunga vishada vipya kwenye pembe. Mdogo wake Koor alikuwa ameshamwolea kaka yake mke. Maksai mwenyewe hakutolewa kwenye mahari ile, kwa kuwa wakwe walisema ng’ombe aliyelia namna ile hahami tena.

Dhieu alizitoa shanga za bluu.

“Umenisamehe?” aliuliza chini chini.

“Nifunge kwanza. Watu wanatazama.”

Akafunga. Nyanwut aliinua uso, akamwona Wani amepiga goti na kamera, jasho linamtiririka. Nyuma yake mama Koor alikuwa ameinua mikono kama pembe na ameanza wimbo wa mwanawe, kwa sauti mbaya kabisa, na sasa ilijulikana Koor aliitoa wapi. Mbuzi alikatiza mbele ya maharusi. Mzee mmoja alikohoa.

“Nisimamishe?” Wani aliuliza. “Tuanze upya vizuri?”

“Usikate,” alisema Nyanwut, na mkono wake ukautafuta wa Dhieu. “Iache iende.”